Jina la tumbawe la kale limo ndani ya jiwe

Picha ya jiwe lenye matundu yaliyojipanga kama sega la nyuki ikiwekwa mtandaoni, majibu humiminika. Mmoja husema ni sega lililogeuka jiwe. Mwingine husema ni mfupa wa mnyama mkubwa. Wa tatu huandika "tumbawe" na kumaliza maneno. Huyo wa tatu mara nyingi amepatia, ila jibu lake ni kama la mtu aliyeulizwa huyu ni ndege gani, akajibu kwamba ni ndege. Matumbawe yamo katika miamba kwa zaidi ya miaka milioni 460. Makundi mazima yametoweka na mengine yakazuka, na ni kwa kuyatofautisha ndipo jiwe linaanza kutoa habari: lina umri gani, bahari ya mahali pale ilikuwaje, na tabaka la upande huu linalingana na lipi la upande ule.

Mkanganyiko mwingi una chanzo kimoja. Watu hutazama umbo la nje, na umbo la nje la tumbawe hudanganya. Pembe, sega, tawi, fungu la mirija: kila moja ya sura hizi imejengwa zaidi ya mara moja, na wanyama wasio na undugu wa karibu. Kinachowatenganisha ni ujenzi wa ndani, nao hauonekani mpaka jiwe likatwe, au mpaka maji na mchanga viwe vimelila kwa miaka mingi na kuufichua.

Jengo na mpangaji wake

Tumbawe ni mnyama, ndugu wa yavuyavu. Mwili wake, unaoitwa polipi, ni mfuko laini wenye mdomo mmoja upande wa juu, mdomo uliozungukwa na minyiri. Upande wa chini wa mfuko huo hutoa kalsiamu kaboneti na kujenga kiota kigumu. Mnyama akifa mwili huoza upesi, jengo likabaki. Kwa hiyo kisukuku cha tumbawe ni jengo lililohamwa, nasi tunajaribu kumjua mpangaji kwa namna alivyojenga.

Mpangaji huyu huishi ghorofa ya juu peke yake. Jengo likirefuka hujiinua, huweka sakafu mpya chini yake, na nafasi ya chini hubaki tupu. Ndiyo maana ndani ya tumbawe moja mna ghorofa nyingi, za zamani chini na za karibuni juu, na ndiyo maana ncha ya chini ya tumbawe lenye umbo la pembe hutuonyesha mnyama akiwa mchanga.

Sehemu chache za jengo zikijulikana, mengine hufuata. Chumba ni mahali alipoishi polipi mmoja. Tumbawe la upweke lina chumba kimoja, koloni lina makumi hadi maelfu. Kikombe ni shimo la juu la chumba, pale mwili ulipokaa. Viambaza, ambavyo vitabu vya sayansi huviita septa, ni kuta nyembamba za wima zinazotoka ukutani kuelekea katikati, kama miale ya gurudumu la baiskeli. Sakafu, au tabula, ni bamba la kulala linalokata chumba kutoka upande hadi upande. Vipovu ni vibamba vidogo vilivyopinda, vilivyorundikana pembezoni mwa chumba mfano wa povu la sabuni. Baadhi ya matumbawe huwa pia na nguzo katikati, nyembamba kama bamba au nene iliyosukwa kama utando wa buibui.

Sasa, kwa nini mkato mmoja hautoshi? Chukua chungwa. Likikatwa kwa upana, vipande vyake huonekana kama gurudumu. Likikatwa kutoka kwenye kikonyo kwenda chini, gurudumu halipo tena. Tumbawe ni vivyo hivyo. Mkato wa kukingama huonyesha viambaza, idadi na mpangilio wake, lakini sakafu huonekana kwa shida au haionekani kabisa. Mkato wa wima huonyesha sakafu na vipovu, na viambaza hugeuka mistari isiyoeleweka. Anayetoa jina kwa kuona upande mmoja anabahatisha, hata kama ana uzoefu wa miaka.

Makundi matatu makubwa

Mwaka 1850 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Milne-Edwards na Haime, waliyapa matumbawe ya kale majina mawili ambayo bado yanatumika: Rugosa na Tabulata. Kundi la tatu, Skleraktinia, ndilo lenye matumbawe mawe yote yanayojenga miamba ya leo baharini.

Rugosa walipewa jina kwa mikunjo inayozunguka ukuta wao wa nje, kama ngozi iliyokunjamana. Walikuwa wa upweke au wa koloni. Viambaza vyao ni dhahiri, mara nyingi virefu na vifupi vikipokezana, na kiunzi chao kilikuwa cha kalsaiti, umbo mojawapo la kalsiamu kaboneti. Wengi wana sakafu katikati ya chumba na vipovu pembezoni, ingawa Rugosa wengi wa kipindi cha kijiolojia cha Odovisi hawana vipovu. Vipovu huongezeka kuanzia Siluri, kipindi kilichofuata.

Tabulata wote ni wa koloni. Hakuna Tabulata wa upweke, na kanuni hii peke yake hukata mabishano mengi. Vyumba vyao ni vidogo, kwa kawaida milimita chache. Sakafu ndizo zinazotawala jengo, na viambaza ama havipo ama ni miiba mifupi tu iliyojipanga ukutani. Wengi wana matundu ukutani yaliyounganisha chumba na chumba.

Skleraktinia wana viambaza vinavyoongezeka kwa duru za sita, kiunzi cha aragonaiti (umbo jingine la kalsiamu kaboneti), na mara nyingi jengo jepesi lenye nafasi nyingi.

Muda hapa ni mchujo wenye nguvu. Rugosa na Tabulata walianza Odovisi na kutoweka mwishoni mwa Permi, yapata miaka milioni 252 iliyopita, katika maangamizi makubwa kuliko yote yaliyowahi kuwapata viumbe wa baharini. Baada ya hapo hakuna kiunzi cha tumbawe kinachojulikana katika miamba kwa miaka milioni kadhaa. Skleraktinia hujitokeza katikati ya Triasi, kipindi kinachofuata Permi, kama miaka milioni 245 iliyopita. Kwa hiyo jiwe likiwa la Devoni, kipindi kinachofuata Siluri, usihangaike kulitafuta miongoni mwa matumbawe ya leo. Likiwa la Jura, kipindi kinachofuata Triasi, Rugosa hawamo.

Ila umri huo uupate kwingine: ramani ya jiolojia, visukuku vingine vya tabaka lilelile, nafasi ya tabaka juu au chini ya tabaka linalojulikana. Ukitumia tumbawe kutaja umri wa mwamba, kisha ukautumia umri huohuo kuthibitisha jina la tumbawe, umezunguka duara bila kusogea.

Watu wengi hudhani pia kwamba Rugosa ni babu wa matumbawe ya sasa. Ushahidi hauelekei huko. Namna ya kupanga viambaza ni tofauti, madini ni tofauti, na pengo la Triasi ya mwanzo liko wazi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Skleraktinia walitokana na wanyama laini, wa jamii ya anemoni wa baharini, walioanza kujenga kiunzi kivyao. Zaidi ya hayo, katika miamba ya Odovisi ya Scotland kimepatikana kisukuku kiitwacho Kilbuchophyllum, chenye mpangilio wa viambaza unaofanana na wa Skleraktinia kabla ya wakati wao kwa muda mrefu sana. Na katika Kretasi, kipindi kinachofuata Jura, yupo Coelosmilia, Skleraktinia aliyejenga kwa kalsaiti badala ya aragonaiti. Mipaka ya makundi ni ya kweli, lakini ina nyufa, na ni vema kuzijua.

Nne, sita, na hesabu inayopotosha

Vitabu vya zamani huwaita Rugosa "matumbawe ya nne" na Skleraktinia "matumbawe ya sita". Msomaji akisikia hivyo hukaa na kuhesabu viambaza vya tumbawe lililokomaa, akapata 46, akagawanya kwa nne, akagawanya kwa sita, haikugawanyika kokote, akakata tamaa. Hesabu hiyo haikuwa na maana tangu mwanzo.

Rugosa nao huanza na viambaza sita. Kinachotofautiana ni vile vinavyofuata. Viambaza sita vya kwanza hugawa chumba katika nafasi sita. Kwa Skleraktinia, vipya huingia katika nafasi zote sita kwa zamu: sita, kisha sita vingine, kisha 12, kisha 24, na umbo linabaki la nyota iliyolingana pande zote. Kwa Rugosa, vipya huingia katika nafasi nne tu kati ya zile sita, tena kila kipya hujipanga upande mmoja wa mwenzake. Matokeo yake chumba kinakuwa na upande wa kushoto na wa kulia, kama jani lenye mshipa katikati. Mjerumani Albert Kunth alieleza mpangilio huu mwaka 1869.

Basi kinachotafutwa ni mpangilio wa kuingia. Kuna njia mbili za kuuona. Ya kwanza ni kukata karibu na ncha, pale mnyama alipokuwa mchanga na viambaza vikiwa vichache. Ya pili ni rahisi, na wengi huisahau: tazama ukuta wa nje wa tumbawe la pembe ambalo ganda lake la juu limelika kidogo. Mifereji myembamba inayoshuka kuelekea ncha ni alama za viambaza. Kwa Rugosa, mifereji hiyo haishuki sambamba pande zote. Mahali pengine hukutana kwa pembe kali, kama vinyweleo vya unyoya vinavyokutana kwenye mrija wake. Ukiona unyoya huo, umeshajibu swali la kundi bila msumeno.

Katika kikombe, tafuta pia pengo: mahali ambapo kiambaza kimoja ni kifupi na wenzake wamekipisha, pakabaki shimo dogo. Rugosa wengi wa upweke wanalo.

Kabla ya kukata

Taarifa nyingi hupotea kabla tumbawe halijafika mezani. Likiwa bado kwenye mwamba, andika tabaka, upande uliokuwa juu, na kama lilikuwa limesimama lilivyoota au limelala. Koloni lililopinduka ni ishara ya dhoruba au mkondo. Koloni lililosimama ni ishara kwamba liliishi hapohapo. Piga picha yenye rula. Hakikisha pia kwamba sheria ya mahali hapo inaruhusu kuchukua visukuku. Nchi nyingi zinataka kibali.

Osha kwa maji na brashi laini. Kisha litazame likiwa bado limelowa, kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Jiwe lililolowa huonyesha viambaza na sakafu ambazo likikauka hazionekani kabisa; tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba chupa ya maji ni kifaa cha lazima.

Pima vipenyo vya vyumba visivyopungua kumi katika koloni, maana chumba changa kilichochipuka juzi ni kidogo kuliko mzazi wake na kikipimwa peke yake kinapotosha. Kwa Rugosa, hesabu viambaza virefu na uandike pamoja na kipenyo cha chumba hichohicho. Namba hizi mbili zikikaa pamoja hutenganisha spishi vizuri kuliko yoyote ikiwa pweke, kwa sababu mnyama akikua huongeza vyote viwili.

Usiharakishe kusaga ukuta wa nje. Kwenye matumbawe yaliyohifadhika vizuri, ukuta huo una mistari myembamba ya ukuaji inayodhaniwa kuwekwa kila siku. Mwaka 1963 mtaalamu wa visukuku John Wells aliihesabu kwenye matumbawe ya Devoni na kupata wastani wa mistari kama 400 kwa mwaka mmoja wa ukuaji. Hilo linaafikiana na hesabu za wanaastronomia kwamba dunia ilijizungusha kwa kasi zaidi zamani, na mwaka ulikuwa na siku zaidi ya 365, kila moja fupi kuliko ya leo. Ukuta uliosagwa haurudi.

Tone la asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 hueleza madini. Ikitoa povu kwa nguvu, ni kalsaiti. Isipotoa, huenda silika, madini ya mchanga mweupe, imechukua nafasi ya kiunzi, au mwamba umegeuka dolomiti, kaboneti yenye magnesiamu. Jambo hili lina uzito kwa sababu ya ushauri mbaya unaosambaa, wa kulitumbukiza tumbawe kwenye siki au asidi ili "jiwe lote liondoke libaki tumbawe". Tumbawe la kalsaiti ndani ya jiwe la chokaa ni kitu kilekile ndani ya kitu kilekile. Asidi itavila vyote. Njia hiyo hufaa tu pale tumbawe likiwa la silika na mwamba ukiwa wa chokaa. Hapo ndipo viambaza vyembamba kama karatasi hutoka vizima.

Kukata na kuchukua nakala

Msumeno wa almasi ukiwa na maji, kata kwanza mkato wa kukingama, kisha kipande kilichobaki ukikate wima kupitia katikati kabisa ya chumba. Mkato wa wima ukipita pembeni huonyesha vipovu vitupu, ukadhani tumbawe halina sakafu. Kwa tumbawe la pembe inahitajika mikato ya kukingama angalau mitatu: karibu na ncha, katikati, na chini kidogo ya kikombe. Ukikata ndani ya kikombe chenyewe utapata viambaza vifupi visivyofika katikati, na utalipa jina la mnyama mwingine.

Unyoofu wa mkato una gharama inayohesabika. Chumba cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 4, kikikatwa kwa mteremko wa nyuzi 45, huonekana yai lenye urefu wa karibu milimita 5.7. Kwa nyuzi 60 urefu unafika milimita 8. Koloni zima likionekana lina vyumba vya mayai yote yakielekea upande mmoja, shuku mkato kabla ya kushuku mnyama, na upime kipenyo kifupi.

Uso uliokatwa husagwa kwa unga wa kusagia wenye namba inayopanda, kutoka wenye chembe kubwa hadi laini: 220, 400, 600. Kati ya hatua na hatua, osha vizuri. Chembe moja ya 220 ikibaki itachora mikwaruzo mpaka mwisho. Kwa kazi nyingi, nakala ya karatasi angavu ya aseteti, aina ya plastiki, inatosha. Uso uliosagwa huzamishwa kwenye asidi ya hidrokloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 10 hadi 20, huoshwa kwa maji, na kuachwa ukauke bila kufutwa wala kuguswa. Kidole kikigusa, mafuta yake huacha doa. Kisha humiminwa asetoni, kimiminika kinacholainisha aseteti, karatasi ikalazwa kuanzia ukingo mmoja ili isukume hewa, na kuachwa kama nusu saa. Ikibanduliwa inakuwa imebeba umbo la kila kiambaza, na inawekwa kati ya vioo viwili. Madoa meupe ni hewa iliyonaswa kwa sababu asetoni ilikuwa chache. Karatasi ikichanika, asidi ilikaa muda mrefu mno. Miwani, glavu na dirisha wazi si hiari, na asetoni hushika moto upesi.

Nakala hii ina faida kubwa kwenye ncha ya tumbawe la pembe, maana msumeno hula milimita nzima au zaidi kila ukipita. Badala ya kukata, saga nusu milimita, chukua nakala, saga tena. Kwa kuchunguza nyuzi za kiunzi chenyewe kwa hadubini, hapo unahitajika mkato mwembamba wa jiwe wenye unene wa takriban milimita 0.03, kazi ya karakana yenye vifaa.

Majina machache yanayostahili kujulikana

Lile "sega la nyuki" la mwanzoni huwa mara nyingi Favosites, Tabulata aliyeenea sana katika Siluri na Devoni. Vyumba vyake vina pembe nyingi, kwa kawaida milimita 1 hadi 3, na jiwe likipasuka kufuata ukuta, matundu ya ukutani huonekana yamejipanga kwa safu. Sega la kweli la nyuki ni la nta na halina sakafu zilizorundikana ndani ya kila chumba. Lakini sega lenye vyumba vya sentimita moja hivi, kila kimoja kikiwa na viambaza vingi kama miale, si Favosites. Hilo ni Rugosa, na jina la karibu ni Hexagonaria. Jiwe maarufu la Petoskey, lililofanywa jiwe rasmi la jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1965, ni Hexagonaria wa Devoni.

Halysites ni mnyororo. Kwenye mkato wa kukingama, vyumba vyenye umbo la yai vimeunganishwa ncha kwa ncha, na kati ya kila viwili kuna kijibomba kidogo. Kijibomba kisipokuwepo, jina ni Catenipora. Jamii hii iliishi Odovisi na Siluri tu, kwa hiyo mnyororo mmoja uliohifadhika vizuri hufunga mjadala wa umri wa tabaka, mradi haukuja hapo umebebwa kutoka mwamba wa zamani zaidi.

Heliolites ana vyumba vya mviringo vyenye alama 12 za viambaza, na kati yake pamejaa vijibomba vyembamba sana. Ndiyo maana amepewa jina la jua.

Wanaosumbua zaidi ni wale wanaofanana na fungu la mirija. Syringopora ni Tabulata: mirija yake imeunganishwa na vijidaraja vya kulala, na sakafu zake zimezama kama faneli ndani ya faneli. Siphonodendron wa Kaboni, kipindi kilicho kati ya Devoni na Permi, ni Rugosa: hana vijidaraja, ana viambaza dhahiri na nguzo nyembamba katikati. Kwa mbali ni mapacha. Kwa lenzi, hata sekunde kumi hazihitajiki. Siphonodendron mwenyewe aliwahi kuwekwa chini ya jina Lithostrotion, ambalo leo huachiwa aina zenye vyumba vilivyobanana kama sega. Kwa hiyo jina moja katika ripoti ya zamani na ya sasa huenda halimaanishi mnyama mmoja.

Na yupo Calceola wa Devoni, mwenye umbo la ncha ya kiatu na kifuniko kilichofunga kikombe. Kwa muda mrefu aliwekwa miongoni mwa brakiopoda, wanyama wenye magamba mawili, kwa sababu ya kifuniko hicho. Umbo la nje, tena.

Wasio matumbawe

Briozoa, wanyama wadogo wa majini wasio matumbawe, hukosewa kuliko wote. Nao wana koloni zenye matundu, lakini matundu yao kwa kawaida hayafiki milimita moja na hayana viambaza. Stromatoporoidi, ambao ni sponji, hujenga matabaka membamba yaliyoshikiliwa na vinguzo, bila vyumba. Kaetetidi wana mirija myembamba iliyobanana, na kwa miaka mingi waliorodheshwa kama Tabulata mpaka sponji hai wenye ujenzi kama huo walipochunguzwa katika nusu ya pili ya karne ya 20. Rudisti wa Kretasi wana umbo la pembe, lakini ni ndugu wa chaza. Visukuku vya ngisi wa kale wenye gamba lililonyooka vina sakafu nzuri kabisa. Kinachowatoa ni kijibomba kimoja kinachotoboa sakafu zote. Tumbawe halina kitu hicho.

Pembe ya mnyama na jino havina viambaza vya miale ndani. Mkato mmoja unatosha kumaliza ubishi huo.

Kuna pia dhana kwamba tumbawe likikutwa juu ya mlima, basi bahari ilipanda mpaka kileleni. Kilichopanda ni mwamba. Sakafu ya bahari ilisukumwa juu pole pole na mabamba ya dunia yanayokutana, na tumbawe likapanda nalo likiwa limeshakuwa jiwe. Tena tumbawe si hakikisho la bahari ya joto na kina kifupi. Miamba mikubwa ya koloni, ndiyo, mara nyingi huelekea huko. Tumbawe dogo la upweke ndani ya jiwe la matope huweza kuwa liliishi kwenye kina kirefu, gizani na kwenye ubaridi, kama wafanyavyo baadhi ya wa leo.

Jina liishie wapi

Si kila kisukuku hufika kwenye spishi. Skleraktinia wengi wa Triasi na Jura aragonaiti yao imegeuka kalsaiti, na nyuzi za ndani zimefutika. Wengine wameyeyuka wakabaki tundu, na tundu hilo hujazwa mpira wa silikoni ili kupata nakala ya umbo. Tumbawe lililoviringishwa na mawimbi hupoteza kwanza vipovu vya pembezoni, likaonekana jembamba lenye viambaza vingi kupita kipenyo chake.

Hata jiwe likiwa zima, spishi moja hubadilika kwa mazingira: maji yenye matope huwapa baadhi vyumba vilivyoachana na umbo refu, maji matulivu na safi umbo jingine. Uchunguzi wa DNA tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba familia nyingi za Skleraktinia hai zilizopangwa kwa kiunzi hazilingani na undugu halisi. Rugosa hawana DNA ya kuwasahihisha, kwa hiyo familia zao zichukuliwe kwa tahadhari.

Hata hivyo kazi ya uangalifu ina matunda. Mwaka 1905 mwanajiolojia Arthur Vaughan aliyagawa mawe ya chokaa ya Kaboni karibu na Bristol, Uingereza, katika kanda kwa kutumia matumbawe na brakiopoda, na kanda mojawapo aliipa jina la tumbawe Dibunophyllum. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba matumbawe huchagua mahali pa kuishi. Likikosekana tabakani, pengine ni bahari ya hapo haikulifaa, wala si kwamba wakati wake ulikuwa umepita.

Kwa sababu hizo wataalamu wana alama za kukiri kiwango cha uhakika. "Favosites sp." maana yake jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, inajulikana, spishi haijulikani. "Cf." kabla ya jina la spishi maana yake linafanana nalo na linahitaji kulinganishwa zaidi. "Aff." maana yake lina ukaribu nalo lakini yaelekea ni jingine. Kibandiko kizuri huwa na jina katika kiwango hicho, tabaka na mahali lilipotoka, tarehe, kipenyo na idadi ya viambaza, na namba moja iliyoandikwa kwa wino usiofutika juu ya jiwe lenyewe, juu ya kila kipande kilichokatwa na juu ya kila nakala ya aseteti, kwa sababu vipande vya tumbawe moja vikishatengana mezani, hakuna lenzi itakayovirudisha pamoja.